Nakala Iliyokohoa

Simu ya kwanza ililia Jumatatu asubuhi, Mwalimu akiwa juu ya paa anaanika nguo, povu bado linamtiririka kwenye viwiko. Aliibana simu kati ya sikio na bega, akidhani ni mteja.

"Wewe ndiye mwenye mchezo wa kinyozi?" aliuliza mwanamke asiyemfahamu.

"Ndiye mimi. Karibu, nikusaidie nini?"

"Unirudishie pesa zangu. Na Mungu akulaani, mwizi mkubwa we!"

Simu ikakatwa. Mwalimu akabaki ameshika kibanio cha nguo hewani. Kabla hajakibana, simu ikalia tena. Safari hii alikuwa mwanamume, hakutaka hata salamu. Hadi anashuka na beseni tupu alikuwa ametukanwa na watu watano, na kufikia adhuhuri walikuwa kumi na saba. Wote walisema jambo lilelile: wameingiza mchezo wa kinyozi kwenye simu, na siku mbili tatu baadaye pesa walizoweka kwenye simu hiyohiyo zimeyeyuka kama barafu juani.

Watu walimwita Mwalimu ingawa ulikuwa mwaka wa nne tangu shule aliyofundisha hesabu kufungwa. Tangu hapo alijitengenezea riziki kwa kompyuta, akitunga michezo ya simu katika chumba kilicho juu ya duka la vifungo na zipu. Aliishi humo na mama yake, ambaye sikio la kushoto lilikuwa limekufa na la kulia likisikia linachotaka, pamoja na mdogo wake wa kiume, kijana wa miaka ishirini na sita aliyeitwa Chenga tangu enzi za mpira wa utotoni. Mwalimu aliandika programu, Chenga akachora picha na kutafuta sauti. Wakipikiana chai na kugombana, kazi ilikwenda.

Mchezo wenyewe uliitwa Kinyozi wa Kona. Wateja wanaingia mmoja mmoja na vichwa vya ajabu: mwingine anasinzia, mwingine anapiga chafya, mwingine anageuka kusalimia kila apitaye, na wewe una mkasi na dakika moja tu. Ukimkata sikio, mchezo umekwisha.

Waliutunga kwanza kwa ajili ya simu ambazo watu walizibandika jina la yatima. Zilikuwa simu nzuri, imara, ila waliozitumia walikuwa wa kuhesabika, na ukisahau chaja yako ungeweza kuzunguka mtaa mzima usipate wa kukuazima. Mwalimu aliichagua kwa sababu ndiyo simu aliyokuwa nayo. Akauweka mchezo sokoni kwa bei ya mikate miwili, na watu mia nne na ushei wakanunua. Wote walilipa. Mwizi gani atakesha kuvunja kufuli la nyumba yenye wapangaji wanne?

Chenga ndiye aliyemsukuma. "Dada, tumefungua duka kichochoroni. Watu wako barabarani. Tuwafuate kwenye simu ya wote."

Simu ya wote ilikuwa ile nyingine, inayoshikwa na kila mtu, kuanzia mfagiaji hadi daktari. Mwalimu akakubali. Akauandika mchezo upya kwa miezi mitano, akashusha bei hadi ikawa sawa na kiberiti kimoja, akijua watu ni wengi na haba na haba itajaza kibaba. Mwezi wa kwanza ulipoisha, kompyuta ikamwonyesha hesabu iliyomfanya avue miwani na kuifuta. Waliokuwa wakicheza walikuwa zaidi ya elfu kumi na moja. Walionunua walikuwa sitini na watatu.

Akaamini kwamba mtu amevunja kufuli la programu, na mchezo wake ulikuwa ukirushwa kutoka simu hadi simu kama mafua. Alilia kidogo, akajicheka, akaendelea na maisha. Hakujua kwamba wizi ule ulikuwa mwanzo tu. Mtu mwingine alikuwa ameichukua nakala ya bure na kuitia kirusi ndani yake, kidude kinachokaa kimya kikisoma meseji na namba za siri, kisha siku moja kinakomba. Na mbele ya kila nakala, ukifungua tu, lilitokea jina la Mwalimu na namba yake ya simu, kama alivyoiandika mwenyewe kwa mkono wake: *Ukikwama, nipigie.*

Saa tisa alasiri simu ililia tena. Aliipokea.

"Shikamoo, Mwalimu."

Ilikuwa sauti laini ya kiume, ya mtu aliyekunywa chai akashiba, asiye na haraka. "Marahaba," Mwalimu akajikuta amejibu, kwa mazoea tu. Neno hilo lilikuja kumuudhi siku nyingi baadaye kuliko mengine yote.

"Pole na makelele ya leo. Watu hawana subira. Sasa nisikilize, mama. Watakuja hapo kwako. Usiseme mengi. Omba radhi, sema mitambo ilileta matatizo, unashughulikia. Wakishapoa, tutaongea habari za mchezo wako wa pili."

"Mchezo gani wa pili?"

"Ule wa fundi saa. Utatupa sisi kwanza, kabla hujauuza. Tutaufanyia kazi kama huu." Sauti ikasogea mbali kidogo na simu, kama ya mtu anayechungulia. "Halafu lile shuka la buluu ligeuze. Upande mmoja bado mbichi."

Ikakatwa.

Mwalimu alisimama katikati ya chumba. Akapanda ngazi za paa polepole, kidato kwa kidato, akachungulia. Nguo zilikuwa zikipepea. Shuka la buluu lilikuwa mwisho wa kamba, nusu limekauka, nusu lina weusi wa maji. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na madirisha thelathini au zaidi, mengine yana pazia, mengine hayana. Chini, watu wa kuziba pancha walikuwa wamekalia matairi. Mwanamke alikuwa akimsuka mwenzake kibarazani. Kila mtu alikuwa na simu mkononi, na kila mtu angeweza kuwa yeye. Alirudi chini akitambaa kwa makalio ili asionekane. Nguo akaziacha.

Lakini kilichomnyima usingizi usiku huo hakikuwa shuka. Paa linaonekana na yeyote. Mchezo wa fundi saa ulikuwa ndani ya kompyuta moja, katika chumba kimoja, na nje ya chumba hicho hakuna aliyewahi kuusikia.

*

Walikuja Jumanne kabla ya adhuhuri. Alisikia kwanza mlango wa duka la chini ukigongwa, kisha vishindo vya miguu mingi kwenye ngazi za mbao. Chenga, aliyekuwa akichora, aliinuka akafunga komeo, akabaki ameegemea mlango kwa mgongo. Uso wake ulikuwa umepauka kama unga.

"Mwalimu! Fungua! Tunajua umo!"

"Usifungue, dada," Chenga akanong'ona. "Nakuomba."

Ngumi zilianza kutua mlangoni, komeo likaruka na kutua, likaruka na kutua. Ndipo Mama alipotoka jikoni, akifuta mikono kwenye khanga.

"Jamani, mbona mnawasimamisha wageni nje?" akauliza, akamsukuma Chenga pembeni kama anayesogeza pazia, akafungua.

Walikuwa kama kumi na wawili, wamebanana hadi kwenye kona ya ngazi. Mbele alisimama muuza mkaa wa mtaa huo, mzee mrefu mwenye vumbi jeusi hata kwenye nyusi, mkononi ana koleo la kuchotea mkaa. Hakuna aliyetarajia kufunguliwa na bibi kizee. "Karibuni," Mama akasema. "Viti ni vitatu, mtapokezana."

Kwa muda watu walitazamana. Kisha mwanamke mmoja nyuma akapiga kelele, "Atoke huyo mwizi!" na wote wakaanza kusema pamoja. Mwalimu akasogea mbele kwa sababu hakuweza kumwacha mama yake pale peke yake.

"Ndugu zangu," akasema, na sauti ikatoka kama ya mtoto. Akakohoa, akaanza tena. "Mimi sijachukua pesa ya mtu. Mchezo nilioutengeneza mimi hauibi."

"Jina la nani hili?" Muuza mkaa alimwinulia simu. Hakuwa na kelele, na hilo lilimtisha zaidi. "Binti yangu alicheza kwenye simu yangu siku mbili. Humu nilikuwa nimeweka pesa za mke wangu, apasuliwe jicho. Miezi minane nimeweka. Nimeamka juzi, hakuna kitu. Jina la nani hili, Mwalimu?"

"Langu."

"Na namba?"

"Yangu."

Watu wakavuma. Koleo likasogea, labda kwa kujiegemeza tu, lakini Mwalimu aliliona, akarudi nyuma hatua moja. Ndipo mwenye duka la vifungo, mzee mnene ambaye mtaa mzima ulimjua kwa ubahili, alipojipenyeza kwenye ngazi akihema.

"Subirini! Subirini nipite, nina pumu." Akafika juu, akainua simu yake. Ilikuwa yatima, kioo kina ufa. "Mimi nacheza huu mchezo mwaka wa pili. Pesa zangu zimo humu, na mnanijua, nazihesabu kila asubuhi. Haijapungua hata senti."

"Wewe umeupata wapi?"

"Nimenunua! Bei ya mikate miwili!" Alitamka kama anayekiri dhambi. Hata katika ghadhabu ile kuna watu walicheka. "Msinicheke. Nilitafuta wa bure mwezi mzima. Simu kama zetu hakuna mwizi anayehangaika nazo, ndiyo maana nikalipa. Sasa niulize: kati yenu hapa, nani alilipa kile kiberiti?"

Mwanamke mmoja akajikuna shingo. Mmoja alisema alirushiwa na shemeji yake. Mwingine aliwekewa pale stendi, kwa fundi simu, alipokwenda kubadilisha betri. Fundi alisema ni zawadi.

"Basi hizo ni nakala za wizi," Mwalimu akasema, na kwa mara ya kwanza pumzi ikafika chini ya mbavu. "Kuna mtu amezitia sumu. Nipeni moja niitazame, nitawaonyesha."

Muuza mkaa alimtazama. Kisha akampa simu.

Mwalimu akaufungua mchezo palepale mlangoni. Jina lake likatokea. Kiti cha kinyozi kikatokea. Mteja wa kwanza akaingia, akakaa, na akakohoa.

Ile haikuwa sauti ya mchezo wake. Katika mchezo uliouzwa, mteja wa kwanza hupiga chafya. Walipokuwa wakiuandika upya kwa simu ya wote, Chenga alikuwa amemrekodi Mama akikohoa asubuhi moja ya baridi, akaitia kwa utani. Walicheka hadi machozi, kisha Mwalimu akamwambia aiondoe, kwani kikohozi cha mzazi si cha kuuzia watu. Toleo lenye kikohozi halikuwahi kufika sokoni. Halikuwahi kutoka ndani ya nyumba.

Akabonyeza tena. Mama yake akakohoa ndani ya simu ya muuza mkaa, kikohozi kikavu chenye mluzi mwishoni. Mama mwenyewe, aliyesimama hatua mbili pembeni, hakusikia. Mwalimu akainua macho polepole kumtazama mdogo wake. Chenga alikuwa akitazama sakafu.

"Umeona nini?" muuza mkaa akauliza.

"Nahitaji muda," Mwalimu akasema. "Hadi kesho."

"Kesho adhuhuri. Nimekuheshimu kwa sababu ya mama yako. Kesho sitaweza kuwazuia hawa."

*

Walizungumza jikoni, bomba likiwa wazi ili maji yafunike maneno. Mwalimu hakujua tena nani anasikiliza na kutoka wapi.

"Ulimpa nani?"

Yakamtoka Chenga yote kwa mkupuo, kama aliyetapika. Alimpa fundi simu wa stendi. Hakuuza, haki ya Mungu hakuuza. Alitaka wajulikane. "Mia nne, dada! Miaka miwili, tumekesha, tumekula mihogo, na wanaotujua duniani ni watu mia nne wenye simu ambazo hazina hata chaja. Tukahamia kwenye simu ya wote, wakaona hata kiberiti ni ghali. Nikasema waonje bure kwanza. Wakishapenda, mchezo wa pili watanunua. Nilichukua toleo lisilo na kufuli, nikasahau kwamba lina kile kikohozi."

"Na fundi?"

"Akawapa wengine. Sikujua wataweka kitu ndani." Alijifuta pua kwa kiganja. "Wiki mbili zilizopita waliniita nyuma ya kibanda cha fundi. Wakanionyesha picha. Mama, amekaa dirishani anachambua mchele. Imepigwa karibu, dada, hadi pete yake inaonekana. Wakasema wanataka mchezo unaofuata. Niliwaambia ni wa fundi saa. Niliogopa. Ningesema nini?"

Mwalimu alitaka kumpiga. Mkono uliinuka kabisa, ukafika nusu ya njia, ukakutana na uso wa mtoto aliyekuwa akimbeba mgongoni kwenda kuchota maji. Ukashuka. Alichokisikia ndani yake kilikuwa kibaya kuliko hasira. Kutwa nzima alikuwa ametafuta adui kwenye madirisha ya ng'ambo, na adui alikuwa amempikia chai asubuhi ile.

"Nyie," Mama akasema kutoka mlangoni. "Mnamfungulia bomba kiziwi? Maji yanalipiwa." Akalifunga. Akawatazama, mmoja baada ya mwingine. "Sikio limekufa, macho sijayazika. Kesho mtaniambia. Leo leni."

Hakuna aliyekula. Mwalimu alilala amevaa viatu. Aliyapima maneno ya kesho kama mtu anayepima kitambaa kisichotosha. Angeweza kusema kufuli limevunjwa na wezi, basi. Ingekuwa nusu ya kweli, na jina la Chenga lisingetajwa. Watu wangeamini. Yule wa sauti laini angefurahi, na wiki ijayo angepiga tena na shikamoo yake, na wiki nyingine, na angekuwa amewashika wote watatu kooni hadi mwisho wa uhai wao. Akisema kweli, mdogo wake angeweza kuuawa kwenye ngazi. Alishawahi kuona mtu akipigwa kwa sababu ya kuku.

Kulipopambazuka alimwamsha Chenga. "Vaa. Tunakwenda kwa muuza mkaa, kabla hajaja yeye."

"Ataniua."

"Inawezekana," Mwalimu akasema. "Nitakuwa nimesimama mbele yako."

Kutoka mlangoni kwao hadi kwenye banda la mkaa ni hatua mia mbili. Alizitembea akihesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo kitu pekee kilichobaki kichwani. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo ilimkaza shingo. Mtu mmoja chini ya bango alikuwa akiongea na simu, akacheka. Mwalimu akamshika Chenga mkono kwa nguvu hadi kucha zikaingia.

Muuza mkaa alikuwa akijaza magunia. Mkewe alikaa kwenye kigoda, jicho moja lina ukungu mweupe. Mwalimu alimwambia yote bila kupunguza. Alipofika mahali pa kumtaja Chenga, Chenga mwenyewe alimkatiza.

"Ni mimi, baba. Dada hakujua."

Koleo lilikuwa limechomekwa kwenye lundo. Mzee akalishika mpini. Mkewe akageuza uso upande wa sauti, akasema taratibu, "Baba nanii. Kaa chini." Mzee hakukaa, lakini hakulitoa koleo pia. Vidole vyake vilikunjuka na kukunjika. Pumzi za Chenga zilisikika kama za mbwa aliyekimbia.

"Mtu anakuja kuniambia hivi," mzee akasema hatimaye, "na mimi nimeshika chuma. Ama ni mjinga, ama anasema kweli." Akatema mate pembeni. "Twendeni polisi. Nitatembea nyuma yenu, msije mkapotea njia."

*

Mpelelezi alikuwa mwanamke wa makamo, anaandika kwa mkono wa kushoto, miwani kwenye paji. Alisikiliza bila kutikisa kichwa. Mwalimu alimwonyesha jinsi nakala inavyotambulika: chafya ni halali, kikohozi ni cha wizi. Mpelelezi akachukua simu yake iliyokuwa mezani, akaigusagusa. Chumba kizima kikamsikia Mama akikohoa.

"Mwanangu ndiye aliyeiweka," mpelelezi akasema, akaigeuza simu kifudifudi. Hakuna aliyethubutu kucheka. Tangu hapo akaanza kuandika kwa kasi.

Walikuwa bado hapo simu ya Mwalimu ilipolia. Namba haikuonekana. Mpelelezi akaonyesha kwa kidole: pokea, weka sauti nje.

"Shikamoo, Mwalimu. Umeamka mapema leo. Umetoka na kijana wako, wote wawili hamko nyumbani." Alikuwa mpole vilevile. "Bibi umemwacha na nani?"

Mwalimu hakumbuki alivyotoka kwenye kile chumba. Anakumbuka gari la polisi likikata kona, na Chenga kando yake akirudia "Mama, Mama, Mama" kwa sauti ya chini kama anayehesabu. Anakumbuka mlango wa juu ukiwa wazi, komeo likining'inia kwa msumari mmoja, na kimya. Aliita. Hakuna aliyejibu. Droo zilikuwa sakafuni. Mezani palikuwa na mraba safi usio na vumbi, mahali ilipokuwa kompyuta. Sufuria ya uji ilikuwa jikoni, bado ya moto, na mwiko umeangukia chini.

Akakaa juu ya karatasi za Chenga zilizotawanyika. Hapo ndipo aliposikia kikohozi kikavu chenye mluzi mwishoni, kikitoka chini ya sakafu.

Mama alikuwa dukani. Alikuwa ameshuka kugombana na mwenye duka juu ya ankara ya maji, ugomvi ukanoga, akakaribishwa kiti, sasa alikuwa akimtenganishia vifungo vyeusi na vya kahawia. Hakuna aliyekuwa amesikia kitu juu: yeye kwa sikio lake, mwenye duka kwa sababu alikuwa akipiga kelele ili asikike. Watoto wake wawili walipomrukia kwa pamoja, vifungo vikamwagika duka zima.

"Mmekuwaje?" akauliza. "Nani kafa?"

*

Fundi simu alikamatwa alasiri hiyohiyo akiwa kibandani, kwa kuwa hakutegemea kwamba mtu aliyetishwa atakwenda polisi. Alitaja wawili, mmoja alipatikana mji wa jirani, akiwa na kompyuta ya Mwalimu iliyokwisha kufutwa kila kitu. Mchezo wa fundi saa ulikwenda na maji. Mpelelezi alimwita Mwalimu akasimama nyuma ya mlango, wale waliokamatwa wakaambiwa waseme "shikamoo" kila mmoja kwa zamu. Aliwasikiliza wote mara mbili. Sauti haikuwamo. Hadi leo haijapatikana.

Chenga alikaa ndani siku tisa, akatolewa kwa sharti la kuwa shahidi. Aliporudi, Mwalimu alikuwa ameondoa mchezo kwenye simu ya wote. Waliweka meza chini ya ngazi, wakasafisha simu za watu moja moja bila malipo, huku muuza mkaa akisimamia foleni na koleo lake. Waliokuja walipita mia tatu. Wengine walimshukuru Chenga, wengine walimtemea mate miguuni, naye aliwapokea wote kichwa kikiwa chini. Pesa zilizookolewa hazikufika hata nusu. Jicho la mke wa muuza mkaa lilipasuliwa miezi sita baadaye kuliko ilivyopangwa, na daktari akasema lingeona vizuri zaidi kama lingewahi.

Mwalimu amebadilisha namba. Simu ikilia na asiyemjua, hungoja mtu wa upande wa pili aanze, na kama sauti ni ya upole, hukata simu. Nguo anaanika ndani. Mchezo wa fundi saa anauandika upya, kwenye kompyuta ya mkopo, kwa ajili ya yatima peke yake, bei ya mikate miwili. Watu mia nne wanatosha, anasema, na mwenye duka la vifungo amekwisha kuuliza kama atapunguziwa.

Chenga bado anachora. Ni mchoraji mzuri kuliko zamani, tena mkimya. Kila jioni kazi ikiisha, Mwalimu huichukua kompyuta, huiweka kabatini, hufunga, na ufunguo huutia kifuani. Hafanyi kwa siri wala kwa kelele. Jana Chenga alikuwa akiosha brashi kwenye beseni, mgongo umegeuka, wakati ufunguo ulipozunguka. Mikono yake ilisimama ndani ya maji. Mwalimu naye akasimama, ufunguo bado tunduni. Kisha Chenga akaendelea kuosha, na yeye akauchomoa ufunguo, akaenda kumwandalia Mama chakula.